Kusadikika Jukwaani: Jinsi ya Kuigeuza Riwaya ya Zamani Kuwa Opera ya Dansi

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni kitabu cha mtu anayesema. Karama ameshitakiwa kwa kuanzisha uanasheria katika nchi iliyo angani. Mshitaki wake ni Majivuno, na Karama anajitetea kwa siku sita mbele ya mfalme na baraza lake. Mtu anayetafuta hadithi ya kuchezwa ataliona hilo ni balaa: mahakama, hoja, hotuba. Mimi nadhani hakuna riwaya ya Kiswahili inayofaa zaidi kwa opera ya dansi, yaani mchezo wa jukwaani unaosimuliwa kwa kuimba na kucheza, na mwongozo huu unaifuata hiyo hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho, ili usibaki na maelezo ya hewani.

Sababu yangu ni hii. Kila siku Karama anasimulia habari za mtu mwingine: mjumbe aliyetumwa nje ya nchi kutafuta mema, akasafiri, akaona, akarudi na alichokiona, na badala ya kutuzwa akatiwa gerezani. Wajumbe ni sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli na Auni walikwenda pande nne za dunia, Ridhaa akaenda mbinguni, Amini ardhini. Barazani hawapo. Hawana nafasi ya kujitetea. Karama ana ulimi, wao wana miili iliyofungwa. Basi jukwaani Karama aimbe, na wajumbe wacheze. Mwili wa mcheza dansi uwe ndio ushahidi unaoletwa mahakamani. Maamuzi yote yanayofuata, kuanzia maneno na muziki hadi sakafu na bajeti, yanatoka kwenye wazo hilo. Ukichagua riwaya nyingine, anza kwa kutafuta wazo lake la namna hiyo, na usiandike mstari hata mmoja kabla hujalipata.

Kwanza, haki

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda maandishi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na Kenya nayo huhesabu 50. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa Kusadikika ulikwisha mwishoni mwa 2012. Hata hivyo nenda Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, uthibitishe kwa maandishi, kwa sababu mfadhili wako wa kwanza ataidai barua hiyo. Kumbuka kwamba picha za jalada, dibaji za wahariri na tafsiri zina haki zake zenyewe. Fanya kazi na maandishi ya mwandishi tu. Ukitaka kuipeleka kazi nje, muulize mwanasheria mapema, maana nchi nyingi za Ulaya hulinda kwa miaka 70.

Haki ikiisha, adabu haiishi. Piga hodi kwa familia ya mwandishi, waeleze unachokusudia, na jina lake liwe kubwa kwenye bango.

Ikiwa riwaya uliyoichagua ni ya mwandishi aliye hai au aliyefariki hivi karibuni, pata mkataba kabla ya kuanza kuandika. Mkataba utaje wazi kugeuza kuwa opera na dansi, idadi ya miaka, kurekodi, kusambaza video kwenye intaneti, na kusafiri na onyesho. Ruhusa ya mdomo huleta ugomvi siku kazi inapoanza kupendwa.

Kisome kitabu kwa penseli tatu

Soma mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili shika penseli tatu za rangi. Ya kwanza pigia mstari kila kitendo cha mwili: kutembea, kupanda, kuanguka, kubeba, kupiga magoti, kufungwa. Ya pili pigia maneno ambayo hayawezi kuelezwa kwa mwili: tarehe, sababu, sheria, hoja. Ya tatu pigia mahali ambapo mtu anahisi jambo asiloweza kulisema.

Rangi ya kwanza ni ya dansi. Ya pili ni ya kughani, haraka na kwa uwazi. Ya tatu ni ya nyimbo kubwa, zile ambazo mtazamaji atatoka nazo mdomoni.

Kurasa zisizo na rangi yoyote zitupe. Najua inauma, hasa kwa sisi tuliosoma kitabu hiki shuleni tukiwa na mwalimu anayetaka kila wasifu wa mhusika. Lakini usipokata hutapata opera; utapata usomaji wa kitabu wenye ngoma nyuma yake. Kusadikika ina mahubiri marefu mazuri juu ya haki na utawala. Jukwaani mahubiri hayo yanabaki mistari michache tu, kwa kuwa mjumbe anayevalishwa minyororo mbele ya macho ya watu ameshayasema yote.

Nani aimbe, nani acheze

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na wenzetu waliotangulia wameshalijibu kwa njia tofauti. Zijue kabla hujachagua yako.

Mwaka 1933 huko Paris, mtunzi wa muziki Kurt Weill na mwandishi Bertolt Brecht walimtoa Anna katika The Seven Deadly Sins, na George Balanchine akatunga dansi. Anna ni wawili: mmoja anaimba, mwingine anacheza, na wote ni mtu yule yule. Mtunga dansi Pina Bausch alifanya jambo la jamaa na hilo huko Wuppertal mwaka 1975 katika Orpheus und Eurydike: kila mhusika mkuu ana mwimbaji na mchezaji, na wote wawili wako jukwaani. Mark Morris, huko Brussels mwaka 1989, aliichukua opera ya Purcell, Dido and Aeneas, akawaondoa waimbaji jukwaani kabisa, akaliacha jukwaa kwa wachezaji. Benjamin Britten, katika Death in Venice ya 1973 iliyotokana na hadithi ya Thomas Mann, aligawa kwa maana: mwandishi mzee anaimba, na kijana anayetazamwa na mzee huyo asiye na lugha ya kuzungumza naye anacheza tu bila kutoa sauti. Naye Philip Glass pamoja na Susan Marshall waliigeuza riwaya ya Jean Cocteau, Les Enfants Terribles, kuwa opera ya dansi mwaka 1996 kwa piano tatu na waimbaji wanne. Hiyo ya mwisho itazame kwa makini ukiwa huna fedha, maana inaonyesha kwamba opera haihitaji okestra ya watu 60.

Kwa Kusadikika njia ya Britten ndiyo yenye mantiki. Mwenye haki ya kusema anaimba. Aliyenyang'anywa haki hiyo anacheza. Karama, Majivuno na mfalme ni waimbaji. Wajumbe sita ni wachezaji na hawatoi neno. Mtazamaji asielezwe kanuni hiyo. Ataigundua mwenyewe kufikia safari ya pili, na furaha ya kuigundua ni yake.

Halafu vunja kanuni mara moja tu. Katika hukumu, Karama anaposhinda na wafungwa wanapofunguliwa, wajumbe waimbe. Mstari mmoja, sauti sita, bila ala. Wachezaji wengi si waimbaji, na hilo halidhuru hata kidogo: sauti isiyofunzwa, ya mtu aliyenyamaza zaidi ya saa nzima, ina nguvu ambayo soprano hawezi kuitoa.

Kuna jambo lingine la kuamua mapema. Ulimwengu wa Kusadikika ni wa wanaume: mfalme, mshitaki, mshitakiwa, wajumbe. Ukiuacha hivyo utakuwa na jukwaa la sauti za kiume tupu. Ushauri wangu ni kuwapa wanawake nafasi ya umma, yaani watu wa Kusadikika wanaosikiliza kesi. Wao ni kwaya, na wao pia wanacheza, lakini wamekaa au wamesimama safu moja kama katika lelemama, ngoma ya wanawake ya pwani ambayo mikono na mabega ndiyo husema. Mwanzoni wanamuitikia Majivuno. Siku baada ya siku kiitikio chao kinahamia kwa Karama. Badiliko hilo likipangwa vizuri, mtazamaji anaona nchi ikibadili mawazo bila mtu yeyote kulitangaza.

Gawa dakika kabla ya maneno

Hatari ya kitabu hiki ni safari sita zinazofanana: mtu anatumwa, anarudi, anafungwa. Msomaji anavumilia, mtazamaji hawezi. Andika ratiba ya dakika kwanza, na uzifanye safari zisilingane. Mimi ningeanza na mgawo huu: ufunguzi 4, mashtaka 9, safari ya kwanza 11, ya pili 7, ya tatu na ya nne zikichezwa kwa pamoja 9, ya mbinguni 8, ya ardhini 12, hukumu 7, ngoma ya mwisho 8. Jumla ni dakika 75, bila mapumziko. Mapumziko hukata pumzi ya kesi, na watu wakishatoka kununua soda hurudi wakiwa wageni.

Safari ya tatu na ya nne kuchezwa pamoja ni mfano wa uhuru ambao kitabu hakina. Magharibi na kusini vinaweza kutokea kwa wakati mmoja jukwaani, wachezaji wawili wakipishana bila kuonana, huku Karama akighani kwa ajili ya wote wawili.

Kuandika maneno ya kuimbwa

Nathari haiimbiki kwa urahisi, na sisi tuna hazina ya bahari za ushairi ambazo watunzi wa opera wa kwingine wangezitamani. Zitumie kwa kazi zake. Utenzi, wenye mizani nane kila mshororo, ni wa kusimulia. Umezoea kughanwa na masikio yetu yameuzoea. Shairi la mizani kumi na sita lina pumzi ndefu, kwa hiyo ni la nyimbo za moyo. Kujibizana kwa haraka, kama watu wa Pemba wanavyofanya katika kibati, ni kwa mahojiano ya Majivuno na Karama.

Usinakili mistari ya mwandishi ukailazimisha iingie kwenye mizani. Chukua wazo, andika upya. Karama anaposimama mara ya kwanza, mimi ningempa ubeti wa namna hii:

Sikuja na ngao yangu,
wala mkuki na rungu,
silaha ni neno langu,
na leo nalitamka.

Mahojiano nayo yawe mafupi kiasi cha kukatana kauli, kila mtu mshororo mmoja:

Majivuno: Nani kakupa ruhusa?
Karama: Aliyenipa kauli.

Sasa hesabu. Ubeti wa utenzi ukighanwa kwa mwendo wa kawaida huchukua kama sekunde 15. Ubeti huo huo ukiimbwa taratibu na ala zikiujibu unafika nusu dakika. Ikiwa nusu ya onyesho na zaidi ni dansi tupu, umebakiwa na kama nusu saa ya maneno, yaani beti 80 hivi na si zaidi. Waandishi wengi huleta beti 300 na kuukasirikia muziki kwa kuzimeza. Andika 80, soma kwa sauti ukitembea chumbani, kisha kata 10.

Kila ubeti uandikie pembeni kinachofanywa na mwili wakati huo. Ikiwa mwili unafanya kile kile ambacho maneno yanakisema, futa kimojawapo. Karama akiimba kwamba mjumbe alipanda mlima, mjumbe asipande mlima. Na acheze kiu, au hofu, au kumbukumbu ya mtu aliyemwacha nyumbani. Kanuni hiyo moja itakuokoa na nusu ya makosa ya opera za dansi.

Muziki

Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi asiyeliheshimu hilo huharibu kila kitu. Tumeshazisikia nyimbo za makanisani zilizotafsiriwa huku tuni ikibaki ya Ulaya: pigo zito linaangukia silabi nyepesi, na neno linageuka geni masikioni. Jina la Karama lianguke kwenye «ra». Pia «m» ya mkuki ni silabi kamili, ipewe nota yake. Ukiipachika kwenye nota ya «ku» mwimbaji ataimeza. Na nota za juu kabisa zipe «a» au «o». Soprano akibanwa na «i» juu kabisa utamsikia akikwaruza, hata awe hodari vipi.

Kwa ala, kundi dogo linatosha: kanuni na udi (ala za nyuzi za taarabu), fidla mbili, selo, zumari, na wapiga ngoma watatu. Hilo ni nusu ya taarabu na nusu ya ngoma, na Zanzibar utawapata watu wanaozijua zote mbili. Dhow Countries Music Academy imekuwa ikifundisha taarabu na ngoma hapo Mji Mkongwe tangu 2002. Zumari mpe Majivuno. Ina sauti kali inayopenya, na ikishazoeleka kuwa ni yake, inatosha kulia mara moja nyuma ya pazia ili watu wajue anakuja.

Andika muziki kwa nota za mistari na kwa solfa (do, re, mi) pia. Waimbaji wengi hodari wa kwetu wametoka kwenye kwaya na wanasoma solfa kwa kasi ya ajabu. Ukiwaletea mistari mitano tu unawafanya waonekane wajinga bila sababu, na unapoteza wiki mbili za mazoezi.

Wachezaji nao wanahitaji ramani yao. Dansi ya kisasa huhesabiwa kwa nane, ilhali ngoma nyingi za pwani, chakacha ikiwa mojawapo, hutembea kwa sita kwa nane. Mpiga ngoma na kiongozi wa dansi wakae pamoja wakubaliane ni pigo lipi la «moja», na walirekodi kwenye simu. Ukiliacha hilo mpaka wiki ya mwisho kila mtu atakuwa na «moja» yake.

Kutunga dansi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila mjumbe apewe lugha ya mwili inayotoka kwenye ngoma ya kweli, lakini usiilete ngoma nzima na mavazi yake kama inavyofanywa hotelini kwa wageni. Chukua kanuni ya mwendo wake. Amini, aliyekwenda ardhini, unaweza kumjengea kutoka bugobogobo ya Wasukuma, ambayo huchezwa na majembe: magoti yamekunjwa, mgongo umeinama, uzito wote unashuka. Mnyang'anye jembe. Mwache na kitendo cha kulima bila jembe kwa dakika 12, na utaona mtu anayechimba njia kwa mikono mitupu. Ridhaa, aliyekwenda mbinguni, ni kinyume chake: mrukaji wa wima, visigino visivyotulia, mikono isiyotafuta msaada. Baraza la mfalme lifuate beni, ngoma ya pwani iliyoiga gwaride la kijeshi. Safu zilizonyooka, shingo ngumu. Majivuno haimbi tu, anatembea kwa beni. Na pale Karama na Majivuno wanapojibizana, wachezaji wawili nyuma yao wacheze kirumbizi, fimbo zikigongana mwishoni mwa kila mshororo. Fimbo ikigonga hewa, watu wanajua hoja imekosa shabaha.

Nenda kwa wenye ngoma. Lipa mwalimu wa bugobogobo aje akae na kikundi wiki nzima, na jina lake liandikwe kwenye programu ya onyesho. Atakuonyesha mguu unatua vipi, na video haionyeshi hilo. Muulize pia ni nini kisichofaa kuletwa jukwaani. Unyago, kwa mfano, una mambo ya ndani ambayo hayahusu watu waliokata tiketi, na jibu la «hapana» lipokelewe kwa heshima.

Sasa tazama kwa karibu onyesho moja linavyojengwa: kurudi kwa mjumbe wa kwanza. Amefungwa msewe, kitu cha kulia kila anapokanyaga, miguuni tangu alipoondoka, na katika safari yote tumekuwa tukisikia kila hatua yake. Anaingia barazani kwa mwendo wa haraka, viganja wazi mbele, kana kwamba amebeba maji asiyotaka yamwagike. Baraza halisogei. Anafika mbele ya mfalme, anapiga goti, viganja bado viko wazi. Walinzi wawili wanakuja kwa mwendo wa beni, hatua nane, wanainama, na mtazamaji anadhani wanapokea zawadi. Wanamfungua msewe. Mmoja kulia, mmoja kushoto, polepole, ngoma ikiwa imenyamaza. Halafu wanamvalisha mnyororo mahali pale pale pa msewe. Anaposimama na kupiga hatua, sauti ya mguu wake imebadilika. Karama hajaimba neno tangu mwanzo wa tukio hilo, na asiimbe.

Wajumbe sita, milio sita tofauti ya miguuni: msewe, njuga za chuma, vifuu, mbegu, vizibo, na wa sita peku. Kila safari inapokwisha mlio mmoja unatoweka kwenye muziki. Mtunzi aandike hivyo tangu mwanzo, ili kufikia siku ya sita okestra iwe imekonda na masikio ya watu yanatafuta kitu yasichokijua. Wakifunguliwa, milio yote inarudi kwa pamoja, na hiyo ndiyo ngoma ya mwisho ya dakika nane.

Jihadhari na pumzi. Mwimbaji akitakiwa kuimba na kusogea, aimbe kabla ya kuruka, kamwe asiimbe mara baada yake. Mpe mapigo manane ya kusimama. Na mchezaji asipewe dakika 12 mfululizo bila mahali pa kutulia. Kutulia nako ni dansi kukipangwa.

Mazoezi na sakafu

Ratiba ya wiki kumi inatosha kwa kikundi kinachokutana siku tano kwa wiki. Wiki tatu za kwanza waimbaji na wachezaji wafanye kazi kila kundi peke yake, waimbaji na kinanda, wachezaji na ngoma pamoja na rekodi ya kinanda kwenye simu. Kuanzia wiki ya nne wakutane kila siku, hata kwa saa moja. Ala zote ziingie wiki ya nane. Wiki ya mwisho ni ya taa, mavazi na kupita onyesho zima bila kusimama.

Usiwafanyishe watu mazoezi ya kuruka juu ya saruji. Kumbi nyingi za mitaani zina sakafu hiyo, na magoti na vifundo vya miguu huharibika kimyakimya mpaka mchezaji wako bora anakaa pembeni. Funga fremu ya mbao, weka vipande vya sponji ngumu chini yake, juu tandika plaiwudi nene iliyopigwa msasa. Fundi seremala anaweza kuitengeneza kwa vipande vinavyobebeka, ukaenda nayo hadi jukwaani. Hii iwe ya kwanza kwenye bajeti, kabla ya mavazi.

Kiongozi wa muziki aonekane na waimbaji hata wanapogeuka. Ikiwa ala ziko nyuma ya jukwaa, weka kamera na televisheni mbili ndogo pembeni, chini, mahali watazamaji hawazioni.

Ukumbi, sauti na vibali

Ukumbi wa wazi kama Ngome Kongwe ya Zanzibar unaipendeza hadithi ya nchi iliyo angani, lakini sauti ya mtu haifiki mbali palipo na upepo na ngoma tatu. Wape waimbaji vipaza sauti vidogo vya kuvaa, na usione haya kwa kuwa waimbaji wa opera wa Ulaya hawavitumii katika kumbi zao. Neno lisiposikika kesi imekwisha. Ukumbi wa ndani, kama wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni) huko Bagamoyo au Kenya National Theatre jijini Nairobi, unakupa nafasi ya kucheza na giza, na safari ya ardhini inalihitaji giza hilo.

Vibali viombe mapema: Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kwa Tanzania Bara, na baraza la sanaa la Zanzibar, BASSFU, kwa Zanzibar. Gharama kubwa ni watu, kwa hiyo weka posho ya mazoezi kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kikundi kisicholipwa wakati wa mazoezi hupungua kila wiki, nawe huwezi kumlaumu mtu aliyepata harusi ya kutumbuiza.

Onyesha kabla haijaiva

Mwishoni mwa wiki ya sita, kabla ala zote hazijaingia, alika watu kama 20 waje watazame dakika 30. Nusu yao wawe wamekisoma kitabu, nusu wawe hawajawahi kukisikia. Alika na wanafunzi wa kidato cha nne, kwa sababu hawana aibu ya kupiga miayo. Usiwaeleze lolote kabla. Baada ya hapo waulize maswali matatu: nani alifungwa, kwa nini, na ni wakati gani walitaka kutazama simu.

Jibu la swali la kwanza likikosewa, tatizo ni la dansi. Rudi kwa kiongozi wa dansi. La pili likikosewa, ni beti zako. Rudi kwenye karatasi. La tatu likitaja mahali pamoja mara nyingi, usipatetee. Kata hapo dakika mbili, kesho yake lipitieni onyesho upya bila kipande hicho, na mkiona hakuna aliyekikumbuka, kisirudi.